Safari ya mafuta kutoka sahani hadi damu: Mambo ambayo kila jiko lafaa kujua

Katika maboma mengi ya Kericho na Bomet, mafuta huingia mwilini kuanzia asubuhi. Kuna maziwa kwenye chai, mafuta kwenye mandazi na chapati, malai kwenye managu, na mursik kando ya ugali wa jioni. Mjini na kwenye vituo vya matatu huongezeka chipsi, bhajia na smoki.

Wahudumu wa afya nao hutoa ushauri ambao kwa wakaazi wengi huonekana kujipinga. Mtoto mdogo aongezewe mafuta kidogo kwenye uji, lakini babake apunguze mafuta kwenye chakula. Mboga za majani zisipikwe kavu, lakini zisiogelee kwenye mafuta. Mgonjwa anayekwenda kupimwa mafuta ya damu huenda akaambiwa asinywe hata kikombe kimoja cha chai ya maziwa.

Ushauri huu wote una chanzo kimoja, nacho ni namna seli za utumbo mwembamba zinavyoyapokea mafuta, kuyapakia na kuyasafirisha. Anayeijua safari hiyo atajua pia ni dalili zipi hazifai kungojewa nyumbani, hasa kwa mtoto mchanga.

Tatizo la kwanza: mafuta na maji

Anayeosha sufuria ya nyama kwa maji baridi asubuhi ya baridi ya Kericho hulijua tatizo hili. Maji hupita juu na mafuta hubaki palepale hadi sabuni itiwe. Mwili una shida iyo hiyo. Chakula tumboni kimejaa maji, damu pia ni maji kwa sehemu kubwa, na mafuta hayakubali kuchanganyika na maji.

Sehemu kubwa ya mafuta tunayokula, yawe ya ng'ombe, ya alizeti au ya parachichi, ni trigliseridi. Kila trigliseridi ina kiungo kimoja kiitwacho gliseroli kilichoshikana na asidi tatu za mafuta. Ikiwa nzima hivyo, haiwezi kupenya ukuta wa seli ya utumbo. Lazima kwanza ivunjwe.

Kazi huanza kidogo mdomoni na tumboni, lakini sehemu kubwa hufanyika mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Mafuta yakifika hapo, ukuta wa utumbo hutoa homoni inayokiamuru kibofu cha nyongo kujikamua. Nyongo hutengenezwa na ini na kuwekwa akiba katika kibofu hicho. Kazi yake ni kama ya sabuni ya sufuria: huyagawanya matone makubwa ya mafuta kuwa matone madogo sana. Kongosho nalo huleta kimeng'enya kiitwacho lipasi, ambacho hukata trigliseridi vipande vipande. Vipande hivyo hukusanywa pamoja na nyongo katika vifungu vidogo mno viitwavyo miseli, vinavyoweza kuelea kwenye maji hadi kufika kwenye ukuta wa utumbo.

Ndani ya seli ya utumbo

Ukuta wa utumbo mwembamba haukunyooka kama bomba la maji. Umejaa vijidole vyenye urefu wa kati ya nusu milimita na milimita moja, na kila seli juu ya vijidole hivyo ina vinyuzi vingine vidogo zaidi. Mikunjo yote hiyo ikitandazwa, hufikia takribani mita 30 za mraba. Ndiyo sababu mtu mzima mwenye afya hufyonza zaidi ya asilimia 95 ya mafuta anayokula, na machache sana hutoka kwenye choo.

Seli hizi huishi siku 3 hadi 5 tu, kisha hung'oka na nafasi zao huchukuliwa na seli mpya zinazopanda kutoka chini ya vijidole. Jambo hili lina umuhimu mkubwa kwa mtoto anayeharisha, kama itakavyoonekana baadaye.

Vipande vya mafuta vikishapenya, seli hufanya jambo la kushangaza. Huviunganisha tena kuwa trigliseridi, karibu kama zilivyokuwa kabla ya kuvunjwa. Kwa nini mwili uvunje kitu kisha ukiunde upya? Sababu ni mlango na safari. Mafuta mazima hayapiti mlangoni, nayo asidi za mafuta zikilundikana ndani ya seli bila kuunganishwa zinaweza kuidhuru.

Mkulima wa majani chai ataelewa mpangilio huu. Majani mabichi hufikishwa kwenye kituo cha kununulia kwa kapu na gunia, lakini hayapelekwi Mombasa mnadani yakiwa hivyo. Hupitia kiwandani, yakatengenezwa, yakapakiwa na kutiwa alama, ndipo lori likayachukua. Seli ya utumbo ni kiwanda cha namna hiyo. Huchukua trigliseridi, ikaongeza kolesteroli na vitamini zinazoyeyuka kwenye mafuta, kisha ikavifunika vyote kwa ganda jembamba linalopatana na maji. Juu ya ganda hilo huweka protini maalumu ambayo ni uti wa kifurushi hicho. Kifurushi kilichokamilika huitwa kailomikroni. Uzito wake mwingi, karibu asilimia 85 hadi 90, ni trigliseridi.

Kuna watu wachache sana duniani wanaozaliwa bila uwezo wa kutengeneza vifurushi hivi. Mafuta hujaa ndani ya seli zao za utumbo yakakosa pa kwenda. Mtoto wa namna hiyo hutoa choo chenye mafuta, hakui vizuri, na asipotibiwa hukosa vitamini E hadi mishipa yake ya fahamu ikaharibika. Ugonjwa huu ni nadra, lakini unaonyesha wazi kwamba kula mafuta hakutoshi kama kiwanda hakipakii.

Barabara nyeupe

Sukari na protini zikishafyonzwa huingia moja kwa moja kwenye mishipa midogo ya damu na kupelekwa kwenye ini. Kailomikroni haziwezi kufuata njia hiyo. Ni kubwa mno kupenya kuta za mishipa hiyo. Hivyo hupita barabara nyingine, mishipa ya limfu, ambayo hubeba majimaji ya mwili. Katikati ya kila kijidole cha utumbo kuna mshipa mmoja wa limfu unaozipokea.

Mtu wa kwanza kuieleza mishipa hii kwa kina alikuwa daktari wa Italia, Gaspare Aselli, mwaka wa 1622. Alipompasua mbwa aliyekuwa amekula muda mfupi kabla, aliona nyuzi nyeupe zikitapakaa karibu na utumbo. Alipochoma moja, majimaji kama maziwa yakatoka. Weupe huo ulikuwa mafuta ya chakula yakiwa safarini.

Kutoka tumboni, limfu hupanda kwenye mfereji mmoja mkubwa unaopita kifuani karibu na uti wa mgongo, kisha humwagika kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Kwa hiyo mafuta mengi ya chakula huingia kwenye damu karibu na moyo, bila kupitia kwanza kwenye ini.

Si mafuta yote hupita barabara hii. Maziwa yana kiasi kidogo cha asidi fupi za mafuta ambazo huingia moja kwa moja kwenye damu na kwenda kwenye ini. Mursik pia iko hivyo, kwa kuwa kuchacha ndani ya sotet hubadilisha hasa sukari ya maziwa, huku sehemu kubwa ya mafuta ikibaki.

Seli za utumbo pia zina ghala. Baada ya mlo wenye mafuta mengi, huhifadhi matone machache ndani yake na kuyatoa baadaye. Watafiti wameonyesha kwamba sehemu ya mafuta ya chakula cha jioni inaweza kutokea kwenye damu asubuhi ya siku inayofuata, muda mfupi baada ya mtu kuanza kula.

Mafuta yakifika kwenye damu

Kailomikroni zikiingia kwenye damu husambaa mwilini. Kwenye mishipa midogo ya misuli na ya tishu za mafuta, kuna kimeng'enya kinachozifungua na kushusha mzigo. Mtu anayechuma majani chai tangu alfajiri, akipanda na kushuka mteremko akiwa na kapu mgongoni, hutumia sehemu kubwa ya mzigo huo kama nguvu za kazi. Anayeshinda ameketi huweka sehemu kubwa zaidi kama akiba. Mabaki ya kifurushi huchukuliwa na ini, ambalo hutengeneza vifurushi vyake na kuvirudisha kwenye damu. Baadhi ya vifurushi hivyo ndivyo hugeuka kuwa ile kolesteroli inayoweza kujenga uchafu kwenye kuta za mishipa ya moyo na ya ubongo.

Gramu moja ya mafuta ina takribani kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au protini ina takribani 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Kwa mtoto mwenye tumbo dogo, huo ni msaada. Kwa mtu mzima asiyefanya kazi nzito, vijiko vichache vya ziada kila siku huwa akiba ambayo haitumiki.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mafuta yasizidi asilimia 30 ya nguvu zote anazopata mtu mzima kwa siku. Yale yanayoganda, kama ya ng'ombe, siagi na mawese, yasiwe chanzo cha zaidi ya asilimia 10. Mafuta yaliyogandishwa kiwandani kwa njia inayozalisha mafuta ya transi ndiyo mabaya zaidi kwa moyo, na mwaka wa 2018 shirika hilo lilitoa wito yaondolewe kwenye vyakula kote duniani.

Kwa nini mboga zinahitaji mafuta kidogo

Vitamini A, D, E na K haziyeyuki kwenye maji. Husafiri ndani ya vifurushi vile vile vya mafuta. Mtu akila sukumawiki, managu, saget au karoti bila mafuta yoyote katika mlo huo, sehemu kubwa ya kile ambacho mwili ungegeuza kuwa vitamini A hupita na kutoka. Desturi ya kupika mboga za kienyeji kwa maziwa au malai ina maana yake kiafya. Asiye na maziwa anaweza kutumia kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria ya familia, au kipande cha parachichi kando ya ugali.

Ukosefu wa vitamini A hudhoofisha macho ya mtoto na kinga yake dhidi ya maradhi. Ndiyo sababu watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6 katika vituo vya afya, na pia wakati wa kampeni za Malezi Bora mwezi wa Mei na Novemba. Tangu mwaka wa 2012, sheria ya Kenya inawataka watengenezaji kuongeza vitamini A katika mafuta ya kupikia. Vitamini hiyo huharibiwa na mwanga na joto. Mafuta ya kupima yanayokaa juani kwenye chupa isiyo na alama huenda hayana tena kile ambacho mnunuzi anadhani analipia. Ni vyema kununua yaliyofungwa na kuyaweka mahali penye kivuli.

Watoto wachanga na wadogo

Karibu nusu ya nguvu zilizo katika maziwa ya mama hutoka kwenye mafuta. Kongosho la mtoto mchanga bado halitoi lipasi ya kutosha, lakini maziwa ya mama huja na kimeng'enya chake cha kuyavunja mafuta hayo. Hii ni sababu mojawapo ya kumnyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine hadi atimize miezi 6. Baada ya hapo, uji mwepesi pekee hujaza tumbo bila kutoa nguvu za kutosha. Kijiko cha chai cha mafuta, njugu zilizosagwa laini au parachichi lililopondwa huongeza nguvu bila kuongeza ukubwa wa chakula. Mtoto wa chini ya miaka 2 hapaswi kupunguziwa mafuta kwa sababu tu wazazi wake wameshauriwa kupunguza yao.

Mtoto anapoharisha, vijidole vya utumbo huumia. Kirusi cha rota, ambacho Kenya ilianza kukichanjia watoto mwaka wa 2014, hushambulia seli za juu ya vijidole hivyo. Hata bila kuharisha waziwazi, mtoto anayemeza vijidudu kila siku kutoka kwenye maji machafu au udongo wenye kinyesi anaweza kuwa na vijidole vilivyosinyaa, akala lakini asikue. Habari njema ni kwamba seli hizo huzaliwa upya kwa siku chache. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na dawa ya zinki kutoka kituo cha afya, na aendelee kunyonya na kula. Kumnyima chakula huchelewesha ukarabati. Choo safi, maji yaliyotibiwa na mikono iliyooshwa kwa sabuni hulinda kiwanda chote.

Dalili ambazo hazifai kungojewa

Kuna dalili moja ambayo kila mzazi, nyanya na mkunga anapaswa kuijua. Mtoto mchanga akiwa bado na macho au ngozi ya manjano baada ya wiki 2, huku choo chake kikiwa cheupe au cha rangi ya udongo mkavu na mkojo ukiwa wa rangi nzito, inawezekana nyongo haifiki kwenye utumbo. Mifereji ya nyongo huenda imeziba. Upo upasuaji wa kuitengenezea nyongo njia, lakini hufaulu zaidi mtoto akifanyiwa kabla ya kutimiza miezi 2. Kumwotesha jua nyumbani hakuzibui mfereji. Mtoto huyo apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ananyonya vizuri na anaonekana mnene.

Kwa watu wa umri wowote, dalili hizi zinastahili kuonwa na mhudumu wa afya:

– Choo cheupe au cha kung'aa kwa mafuta, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, kinachoelea na kushindwa kuondoka kwa maji, kwa siku kadhaa. Kinaweza kuashiria shida ya nyongo, ya kongosho, au vijidudu kama giadia kwenye utumbo.

– Maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu, hasa baada ya chakula chenye mafuta mengi. Kibofu cha nyongo chenye vijiwe huuma kinapojikamua. Maumivu yakija na homa au macho ya manjano, ni jambo la dharura.

– Kupungua uzito, au mtoto kutoongezeka uzito, ilhali hula vizuri.

Hospitali ya Rufaa ya Kericho, ile ya Kapkatet, na kwa wakaazi wa Bomet hospitali za Longisa na Tenwek, hupokea wagonjwa wanaotumwa kutoka zahanati na vituo vya afya. Anayeishi mbali aanze kwa zahanati iliyo karibu au kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, ambaye atamwelekeza.

Kupimwa mafuta ya damu

Baada ya mlo wenye mafuta, trigliseridi kwenye damu hupanda na kufikia kilele baada ya takribani saa 3 au 4, kisha hushuka polepole. Ndiyo sababu vipimo vingine huhitaji mtu afunge saa 9 hadi 12. Chai ya maziwa ni chakula. Kikombe chake kina mafuta ya maziwa na mara nyingi sukari, na vyote viwili vinaweza kubadilisha majibu. Maji ya kunywa yanaruhusiwa. Si vipimo vyote vinavyohitaji kufunga, kwa hivyo mgonjwa amwulize mhudumu mapema, hasa kama anatumia dawa za kisukari. Aliyesahau akanywa chai aseme ukweli kwenye maabara ili kipimo kipangwe siku nyingine. Majibu yasiyo sahihi yanaweza kumfanya mtu apewe dawa asizohitaji.

Je, chai ya moto huyeyusha mafuta tumboni?

Wengi huamini kwamba chai ya rangi au maji moto baada ya nyama choma huyeyusha mafuta na kuyatoa mwilini. Sivyo. Joto la mwili ni takribani nyuzi 37, na mafuta mengi ya kupikia huwa ya maji kwa joto hilo. Hata yale ya ng'ombe, yanayoganda haraka kwenye sahani, hulainika na kugawanywa na nyongo. Kinachohitajika ni nyongo na lipasi, navyo hufanya kazi na chai au bila chai. Mafuta yaliyokwisha kufyonzwa hayatolewi kwa kinywaji. Hupungua yanapotumiwa na misuli.

Chai yenyewe haina ubaya. Ila ikinywewa pamoja na chakula hupunguza kiasi cha madini ya chuma ambacho mwili hupata kutoka kwenye mboga na maharagwe. Wajawazito na watoto ni afadhali waiache kwa saa moja hivi baada ya kula.

Mambo ya kufanya jikoni wiki hii

Pima mafuta kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwenye chupa. Weka mafuta kidogo kwenye mboga, lakini punguza vyakula vya karai kama mandazi na chipsi kuwa vya mara chache. Usirudie mafuta ya karai yaliyogeuka meusi. Chagua mara nyingi zaidi mafuta ya maji, parachichi na njugu kuliko mafuta yanayoganda. Mtoto mdogo apate kijiko chake kwenye uji. Mtu mzima, hasa asiyefanya kazi ya shamba, atembee kila siku ili misuli ishushe mzigo ambao utumbo umeupakia.